Begi Nililolijaza Mwenyewe

Kwa aliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita, nampitisha harakaharaka, maana leo nina mengi na mengine yananichoma hata kuyaandika.

Naitwa Abdulsamad. Mwaka 2007 nilikuwa natimiza mwaka wa tano Guangzhou. Nilipelekwa na ufadhili wa masomo, nikasoma, nikamaliza, na badala ya kurudi Magomeni kwa mama na mdogo wangu Swalha, nikabaki kuwa mtembeza wageni. Mchana niliwapeleka wafanyabiashara wa Kitanzania kununua vitambaa Zhongda, kisha kupiga picha penye sanamu ya mbuzi watano. Jioni walikuwepo wageni wa aina nyingine, wachache, wanaume waliosubiri wenzao wapande vyumbani ndipo waniulize kwa sauti ya chini kama mji huu una mahali pa watu kama wao. Hao niliwapeleka kwa Wen.

Wen ni Mchina mwenye kilabu ghorofa ya tatu, juu ya duka la cherehani, pasipo na bango. Wanaume hucheza dadu pale, huimba, hucheza muziki wawili wawili, na hakuna anayemkodolea mwenzake macho.

Msabaha, mwenye duka la nguo Kariakoo, alikuwa mmoja wa wageni hao wa jioni. Akawa wangu. Miaka mitatu alikuja kila baada ya miezi mitatu, siku kumi kumi, na mimi mwaka wangu mzima nilikuwa naishi siku arobaini tu.

Vifurushi vyangu vya nyumbani alivibeba yeye. Mama alipougua, yeye ndiye aliyempeleka hospitali na kukaa naye. Mama akanipigia simu kusema Mungu amempa mtoto wa pili wa kiume. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Niliishia uwanja wa ndege wa Baiyun, Msabaha alipotoka na begi kubwa jekundu, jipya, ambalo ndani halikuwa na hata soksi. Akaniambia: "Safari hii hili nataka tulijaze mimi na wewe."

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia kwamba yote nimeyataka mwenyewe. Wengine wameandika makubwa zaidi, nimeyasoma yote. Ndugu zangu, angalau mngoje mtu amalize kusema.

Jumatatu asubuhi tulianza na Zhongda. Mimi sokoni ni mtu mwingine. Nje naweza kusukumwa hata na mtoto wa shule, lakini nikishakuwa na kitambaa mkono mmoja na kikokotoo mkono wa pili, hanitikisi mtu.

"Vitenge robota ngapi?" nilimuuliza Msabaha.

"Leo si robota. Nataka doti moja. Kizuri tu. Wewe chagua."

"Moja?"

"Moja ya kila kitu."

Mwenye kibanda, mama mmoja niliyemzoea, alikunja uso. "Bu mai," alisema, yaani hauzi. Muuza jumla ukimwomba kimoja umemvunjia heshima.

"Huyu ni laoban mkubwa," nilimwambia kwa Kichina chake. Laoban ni bosi, na kila Mwafrika anayenunua ni laoban mpaka atakapokataa bei. "Anachukua sampo. Akizipeleka kwao zikapendwa, mwezi wa kumi anarudi na kontena."

Aliposikia kontena akatuvutia viti tukae.

Sikuagizwa na Msabaha kusema vile. Ndivyo nilivyoelewa mwenyewe, na mtembeza wageni yeyote wa Xiaobei, kwenye mitaa ya Waafrika, angeelewa vivyo hivyo. Mfanyabiashara akichukua kimoja kimoja, anachukua sampuli. Akichukua sampuli za vitu vya kike vya kila aina, anafungua biashara mpya. Na biashara mpya inataka mtu wa kukaa China.

Miaka mitatu nilikuwa namwomba jambo hilo hilo. Aje tukae. Chumba kimoja, mlango mmoja, ofisi yetu mtaa wa Dengfeng. Kazi niliyotafutiwa nyumbani niliikataa kwa ajili hiyo, mama nikamdanganya kuwa naongeza masomo. Kila nilipomwomba Msabaha alijibu neno moja: "Subiri kidogo, Samadi."

Sasa kidogo chenyewe niliona kimeisha. Nilichagua kwa moyo wangu wote. Madira nilikagua mishono mpaka ndani. Mikoba nilivuta zipu mara kumi kumi. Viatu alitaka namba thelathini na saba, jozi nne, na mimi nilikunja soli za kila jozi kuona kama zitapasuka. Akina mama wa sokoni walinichoka.

"Kumbe unajua vitu vya wanawake," Msabaha alinitania.

"Nimelelewa na mama na dada. Ulitaka nijue nini, matairi?"

Alicheka, halafu akaangalia pembeni.

Jumatano tuliingia kibanda cha nguo za kulalia. Alibaki mlangoni, kaona haya, anajifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Akaniuliza bila kunitazama: "Ungekuwa wewe, ungechukua ipi?"

Nilichukua ya zambarau, laini, mikono mifupi. Niliisugua shavuni kuona kama inawasha. Haikuwasha.

Mchana ule nikampeleka kutembea kisiwani Shamian, kwenye majumba ya zamani ya Wazungu, ambako maharusi wa Kichina hupigwa picha. Bibi harusi mmoja alikuwa amenyanyua gauni na chini amevaa raba. Mimi nikaangua kicheko. Msabaha alimwangalia muda mrefu.

"Anaonekana ana furaha," alisema.

"Ana njaa. Hawa wanasimamishwa tangu asubuhi."

"Samadi, unafikiri wewe ungeweza kumsamehe mtu kitu kikubwa?"

"Inategemea ni mtu gani."

"Mimi."

"Wewe nimeshakusamehe mpaka ya mwakani," nikamjibu, na nikaenda kununua maji. Mungu wangu, nilikuwa na raha gani siku ile.

Alhamisi jioni nilirudi chumbani kwangu Dengfeng na mikate na nyama ya kondoo. Hapa lazima niwaeleze kitu. Sampuli hubanwa kadi. Ukichukua kitu unaomba kadi ya kibanda, unaibana kwa pini kwenye kitu chenyewe, maana vibanda ni maelfu na usipokuwa na kadi hukioni tena. Ni kazi ya mtembeza wageni hiyo, nami nilikuwa nimebana kadi arobaini na mbili kwa mikono yangu.

Nilimkuta Msabaha amekaa kitandani, begi jekundu liko wazi miguuni. Anachomoa kadi moja baada ya nyingine, anazitupa kwenye ndoo ya taka.

"Unafanya nini?"

"Pini zinatoboa nguo."

"Ukizitoa tutaagizaje? Kibanda cha vitenge nakijua. Kile cha viatu hata mwenye soko mwenyewe hakijui kilipo."

Akachomoa nyingine.

"Msabaha, nasema na wewe."

"Hatuagizi, Samadi."

"Kwa nini? Hukuzipenda?"

"Nimezipenda kuliko unavyodhania."

"Sasa?"

"Hizi si sampo. Ni za bibi harusi."

Nyie mnajua desturi. Bwana harusi hupeleka begi kwa bibi harusi, wanawake wa upande wa mke hukaa kulifungua, kila kitu kinanyanyuliwa juu, kinapigiwa vigelegele, kinasemwa bei yake na ubora wake. Kila kitu kizuri, kila kitu kipya, kimoja kimoja. Na mimi niliyelelewa na wanawake, niliyekaa kwenye mikeka ya kufungua mabegi tangu utotoni, nimezunguka siku nne na begi la harusi na sikulitambua. Biashara imeniharibu akili.

"Bibi harusi wa nani?"

"Wangu."

Nilikaa chini sakafuni, mikate bado iko mkononi. Nililia. Sioni sababu ya kuwaficha. Mwanaume wa miaka ishirini na tisa, nililia mpaka makamasi yakaingia mdomoni, na yeye akashuka kitandani akanifuta kwa taulo moja jipya kutoka mle mle begini. Nilipoona ni taulo la huyo mwanamke nikalisukuma.

"Ni nani?"

"Kesho."

"Nimekuuliza ni nani."

"Kesho, saa kumi na mbili na nusu jioni. Twende kwa Wen."

"Kwa Wen? Unipeleke kwa Wen ukanitajie mke?"

"Hapa Dengfeng kila ukuta una Mswahili nyuma yake. Kule hakuna atakayejua tunaongea nini." Alinishika mabega. "Ukishasikia, utaona nimefanya kwa ajili yako. Nakuapia."

Ningekuwa na akili ningemtoa na begi lake. Sikumtoa. Nililala upande wa ukutani, yeye upande wa mlangoni, kama tulivyozoea.

Ijumaa tuliswali bega kwa bega. Sikumwomba Mungu chochote, niliogopa atanipa.

Saa kumi na mbili jioni kilabu cha Wen kilikuwa bado kinapiga miayo. Mwenyewe alikuwa anapanga vikombe vya dadu mezani. Wateja walikuwa wawili tu, wazee wa Kichina wanaokuja mapema ili wawahi nyumbani kwa wake zao. Nilikuwa nawajua kwa sura miaka mitatu, huwa tunapungiana mikono. Wake zao sikuwahi kuwawaza hata siku moja.

Tulikaa meza ya pembeni, ile yetu. Msabaha akaweka simu yake katikati ya meza, simu kubwa ya Kichina yenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Itaita sasa hivi," alisema. "Kabla haijaita, nisikilize. Miaka mitatu nimetafuta nyumba moja ambayo naweza kuingia na kutoka kwa ajili yako na mtu asiulize. Nikihamia huku, baba atanifuata. Wewe ukija Kariakoo, watauliza huyu ni nani kwako. Nimefikiri mpaka nimechoka. Lakini nikiwa shemeji yako, Samadi, nani ataniuliza?"

Shemeji.

Mimi dada ninaye mmoja tu.

"Swalha?" nilisema.

"Nitamtunza. Hatalala njaa, hatapigwa, hatatukanwa. Na mimi na wewe hatutatengana mpaka tuzikwe. Safari zote tutakuja pamoja. Idd tutakuwa nyumba moja. Mama yako mwenyewe atatupakulia."

Sasa nakiri jambo ambalo sijawahi kulisema kwa mtu. Nilifurahi. Kwa pumzi moja au mbili, nilifurahi. Niliiona sebule ya Magomeni, yeye amekaa kwenye kiti cha marehemu baba, mimi nimekaa karibu yake, na hakuna anayetushangaa. Miaka yote nilitaka hicho tu, kukaa karibu yake mbele za watu.

Halafu nikaikumbuka ile nguo ya zambarau, na ni nani niliyekuwa namchagulia.

Simu ikaita. Msabaha akaipokea, akabonyeza spika.

"Asalamu alaikum." Ilikuwa sauti ya baba mdogo Maulid, mdogo wake baba. Kule kwetu ilikuwa saa saba na nusu mchana, wametoka msikitini. "Samadi, baba, unanisikia?"

"Wa alaikumu salamu. Nakusikia. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona kuna muziki?"

Wen alikuwa ameanza kujaribu mashine yake ya muziki. Nilimpungia mkono, akapunguza.

"Tupo hotelini," nilisema.

"Haya. Hapa tupo wazee sita, mama yako yupo, na wazee wa Msabaha wapo. Posa imekuja, tumeiangalia, hatukuona dosari. Limebaki lako."

"Langu lipi?"

"Wewe ndiye walii wa dada yako. Baba yako katangulia, babu yako katangulia. Kaka mtu yupo hai, mimi siwezi kumruka. Sema mbele ya hawa kwamba umeridhia na umenipa uwakala, nami nimwozeshe mwezi huu huu."

Nilimtazama Msabaha. Kumbe hakuja Guangzhou kujaza begi tu. Alikuja kuchukua ruhusa, na ruhusa ilikuwa mdomoni mwangu.

Mama akaingilia. "Mwanangu, huyu mtu umemleta wewe. Alinikeshea hospitali kama aliyetoka tumboni mwangu. Mimi sina la kuongeza. Litoke kwako tu, nife nimemwona Swalha kwake."

"Swalha mwenyewe anasemaje?"

"Amekubali," alisema baba mdogo. "Ila ana neno moja la kukuuliza, na tumeona ni haki yake. Huyu hapa."

Nilisikia simu inapita mikononi mwa watu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

Swalha ana miaka ishirini na mbili, anafundisha watoto wa chekechea. Nilimwacha ana kumi na saba, anavaa viatu vyangu vya shule vilivyonibana.

"Kaka, mimi simjui," alisema. "Namwona akileta vifurushi vyako. Anasalimia, anakunywa chai, anamuuliza mama kama umepiga simu, anaondoka. Wewe umekaa naye miaka mitatu. Nimewaambia wazee, Samadi akisema ndiyo, na mimi ni ndiyo. Kwa hiyo nakuuliza hapa hapa, wote wanasikia. Atanipenda?"

Wazee wakacheka kule, kicheko cha watu wazima wakisikia swali la msichana. Mama alimwambia aache utoto.

Hakuwa na utoto. Aliuliza swali lile ambalo mimi nilikuwa namuuliza Msabaha kila alipopanda ndege.

Nikisema ndiyo, namzika mdogo wangu akiwa hai, na mimi nakuwa mwizi wa mume wake mezani kwake. Nikisema hapana bila sababu, mama atamuuliza Msabaha amekosa nini, na Swalha atabaki msichana aliyekataliwa posa na kaka yake. Nikitoa sababu, kwetu sirudi tena. Hata kumzika mama sitaitwa.

Meza ya pili wale wazee wawili walikuwa wanainuka. Mmoja alikuwa anaongea kwenye simu huku mwenzake anamwekea kola ya shati vizuri. Kichina nakielewa. Alikuwa anamwambia mkewe yuko njiani, asimsubiri kula.

Msabaha akapitisha mkono chini ya meza, akauweka gotini kwangu kama alivyouweka pale miaka yote mitatu. Akaminya taratibu. Midomo yake ilikuwa inasema, bila sauti: Sema ndiyo.

Nilimpenda. Mpaka dakika ile, na ule mkono gotini, nilikuwa bado nampenda.

"Kaka, upo?" Swalha aliuliza.

"Nipo."

"Basi nijibu."

"Swalha," nilisema, "zima spika. Toka hapo sebuleni, ingia chumbani, ufunge mlango."

Kule Magomeni kicheko kikakatika. Mkono wa Msabaha ukatoka gotini kwangu, ukaifuata simu.